Samaki wa Paka

Baba yangu alikuwa mzamiaji wa Kizimkazi. Kazi yake ilikuwa kushuka chini ya bahari kuokota majongoo ya bahari, mwanzo kwa pumzi zake mwenyewe, baadaye kwa mitungi ya hewa waliyopewa na wenye vyombo bila ya kufundishwa namna ya kuitumia. Siku moja alishuka mara nne, zote kwenye kina kirefu, na mara ya mwisho akapanda juu mbio kwa sababu hewa ilikuwa inamwishia. Alirudi nyumbani, akasema mgongo unamuuma, akaomba chai, akalala. Asubuhi yake miguu haikumtii. Jirani zetu walisema ni shetani wa baharini. Daktari alisema ni hewa iliyoingia kwenye damu. Baada ya miezi saba baba alisimama kwa mkongojo, lakini mguu wa kushoto aliuburura mpaka alipokufa, na hakuna nahodha aliyemchukua tena.

Mama ni mtu wa bondeni, katikati ya kisiwa, kwenye mashamba ya mpunga. Alipoona hakuna tena wa kwenda baharini, alituhamishia kwenye nyumba ya marehemu mama yake, akarudi kwenye jembe. Kaka yangu, aliyenizidi miaka mitatu, hakukaa hata mwezi. Alikwenda Kendwa kutafuta kazi za hoteli, akapata. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza skuli, nasubiri majibu ya chuo cha ualimu. Nikabaki barazani na baba, mtu aliyekuwa akiyajua mawe ya chini ya bahari moja moja, sasa anatazama kuku wa jirani wakichakura.

Masika ya mwaka ule yalikuwa makubwa. Mvua zilipoanza kukatika, bwawa lililoko mwisho wa mashamba lilikuwa limefurika mpaka kwenye majani. Siku moja baba alikokota mguu wake akaenda kulitazama, akashinda huko kutwa. Aliporudi alikuwa na uso ambao sikuuona tangu Kizimkazi.

"Mle mna samaki," aliniambia.

"Samaki gani, baba? Vyura tu wale."

"Nimewaona kwa macho yangu. Nitafutie mshipi."

Nilimtafutia. Ndoana ndogo tulizipata dukani, ufito wa mwanzi aliukata mwenyewe, na boya alilichonga kwenye kisigino cha ndara iliyokatika. Chambo kilikuwa minyoo, niliyoichimba mimi nyuma ya jiko, na donge la unga. Tukaenda sote wawili, yeye mbele na mkongojo, mimi nyuma na kibati cha minyoo, naona haya tusije tukakutana na mtu.

Siku tatu za mwanzo hatukupata kitu. Baba hakuwa na wasiwasi. Alikuwa anasoma maji. Bahari alikuwa ameijua kwa kuingia ndani yake. Hapa ilimbidi ajifunze kukaa juu na kubashiri. Alinionyesha vishimo vya mviringo kwenye maji ya kina kifupi, kama alama za visahani, akasema kila kimoja kina perege dume anayekilinda. Alinionyesha mapovu yanayopanda taratibu karibu na magugu, akasema pale chini amelala kambare. Siku ya nne boya lilizama mara moja, likarudi, likazama tena likaenda upande. Alivuta. Akatoka perege mpana kama kiganja cha mtu mzima, ana wekundu ukingoni mwa mkia. Baba alimshika kwa mikono miwili, akacheka peke yake.

Mama aligoma kumpika. Alisema ananuka tope. Nikampika mimi. Nilimlaza kwenye ndimu na chumvi, nikamkaanga, na mama aliyekataa akamega kipande kidogo, kisha kingine.

Mwezi wa sita wote wa mwaka ule tulikuwa bwawani. Kambare alihitaji mshipi mzito na utumbo wa kuku. Akishika hukimbilia matopeni, na ukimtoa usimguse penye miiba ya mapezi ya ubavuni. Mara moja tulipata mkunga wa maji baridi, mrefu kama mkono wangu, tukaogopa sote wawili. Mara nyingine nilimvua perege jike, na nilipomweka juu ya majani akaanza kutema vitoto kutoka mdomoni, vidogo kama punje za mchele, vinaruka ruka.

"Mrudishe," baba alisema. "Na hao wanawe wakusanye, wote, usiache hata mmoja."

Nilivikusanya kwa viganja. Baba alipiga goti moja kwa taabu akanisaidia.

Wazamiaji wenzake wa zamani walikuja kumtazama wakati ule. Mmoja wao, rafiki yake mkubwa, alisimama ukingoni akaangua kicheko. "Wewe? Siku hizi unavua kwenye karai?" Baba alicheka naye. Walipoondoka alikunja mshipi kabla ya wakati wake, tukarudi nyumbani. Kaka naye alipokuja kwa siku mbili za likizo hakutaka hata kuliona bwawa. Wakati huo alikuwa ameshaingia kwenye boti inayopeleka wageni kuvua nduaro, na simu yake ilikuwa imejaa picha za wazungu waliokumbatia samaki wakubwa kuliko wao.

"Baba, pumzika," alimwambia. "Watu watasema hatukulishi."

"Sivui kwa njaa," baba alimjibu.

Kaka hakuelewa, au alielewa akaona heri asielewe.

Nilipata chuo, nikasoma, nikaajiriwa mwalimu mjini. Baada ya miaka minne niliolewa Mji Mkongwe, kwenye nyumba ya ghorofa mbili yenye ua katikati, wanamokaa mama mkwe, mawifi wawili na shemeji na mkewe. Mume wangu ni mtu mpole wa kazi za ofisini. Mama yake hakunitesa hata siku moja, siwezi kumsingizia. Lakini alikuwa na namna ya kuuliza mambo. "Kwenu huko shamba mnakula nini asubuhi?" Anauliza kwa upole, mkono wake juu ya goti langu, na mawifi wanainamisha vichwa ili wasicheke. Kwa samaki ndiyo usiseme. Nguru alimtaka wa siku ileile, changu alimkagua macho na mashavu, na vibua aliviita chakula cha watumishi. Mimi nilisema kwamba baba yangu ni mtu wa Kizimkazi, mtu wa bahari. Haikuwa uongo. Nilikuwa nimeacha tu kuumalizia ukweli.

Mwaka wa pili wa ndoa yangu, mwezi wa sita, wifi yangu mdogo alikuwa anaolewa. Nyumba ilijaa wanawake. Tulikuwa uani tunachambua mchele, wageni wengine wametoka Dar es Salaam na wengine Muskati, dhahabu mikononi, kahawa inapita. Nikasikia mlangoni, "Hodi! Hodi wenyewe!"

Nilimjua kwa sauti kabla sijainua macho. Baba alikuwa amesimama kizingitini na kanzu iliyopigwa pasi, mkongojo mkono mmoja, pakacha mkono wa pili. Alikuwa hajapata kuja peke yake. Baadaye nilihesabu njia aliyopita: kutoka bondeni mpaka barabara kuu kwa mguu ule, gari mbili, halafu vichochoro vyote vile anaulizia nyumba.

"Karibu, mzee, karibu," mama mkwe alisema.

Nikasimama nikamkimbilia. "Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea." Akaliweka pakacha chini, akaanza kufunua majani mabichi aliyoyafunikia. Uso wake ulikuwa unang'aa. "Mwaka huu bwawa limejaa kuliko mwaka ule. Hebu mtazame huyu."

Kambare huweza kukaa nje ya maji muda mrefu. Huyu alikuwa mzima kabisa. Majani yalipofunuliwa alijipinda, akaruka, akaanguka kwenye sakafu, akaanza kujivuta kwa mapezi kuelekea kwenye mikeka ya wanawake, mweusi, anateleza, ndevu zake zinatikisika. Ukapigwa ukelele. Wanawake wakanyanyua buibui zao wakapanda ngazi. Sinia la mchele likapinduka. Mgeni mmoja wa Muskati akawa anapiga kelele, "Nyoka! Nyoka!" na mwengine anacheka hadi machozi yanamtoka.

Baba alimdaka kambare kwa ustadi, kidole gumba nyuma ya kichwa, akamrudisha pakachani. Na yeye alikuwa anacheka, kwa sababu alidhani sote tunacheka pamoja.

Mama mkwe alisogea, akatazama ndani ya pakacha, akashika pua kwa ncha ya kanga. "Khaa! Ana ndevu kama mtu. Mzee wangu, huyu watu humla?"

Baba alifungua mdomo ajibu. Najua angelisema nini. Angelimweleza jinsi ya kumsugua kwa majivu kutoa utelezi, na ndimu, na tui, kwa raha ileile aliyonieleza mimi. Mimi niliyatazama macho ya wale wanawake kwenye ngazi, nikamuwahi.

"Si wa kuliwa, mama," nilisema. "Wa paka hao. Baba ametuletea kwa ajili ya paka wa kichochoroni."

Baba hakunitazama. Alikuwa ameinama, anarudisha majani juu ya samaki, jani moja moja, kama mtu anayefunika chungu kisipoe.

"Naam," akasema. "Wa paka."

"Alhamdulillahi!" mama mkwe akacheka. "Nimeshaingiwa na hofu nikasema leo tunalishwa majini."

Baba alinywa kahawa kikombe kimoja. Nilimwambia abaki kwa chakula, akasema gari za shamba zitamwacha. Mume wangu alikuwa kazini. Nilimsindikiza mpaka kona ya kwanza tu, kwa sababu uani kulikuwa na kazi. Pale konani alinishika bega, akasema, "Rudi, mwanangu, wageni wanakungoja." Wala hakuwa na hasira. Ningelipata hasira yake ningelijua la kufanya nayo.

Kambare yule na perege sita waliokuwa chini yake niliwamwaga kichochoroni kwa mkono wangu. Ilibidi, kwa kuwa nilikuwa nimeshasema. Paka walikuja kumi au zaidi. Perege wale walikuwa wameshapaliwa magamba na kutiwa chumvi. Baba aliwatengeneza kabla ya kuondoka, ili mimi nisichafuke.

Hakuleta tena samaki. Alikuja mjini mara mbili tatu kwa ajili ya daktari, akaleta ndizi, akaleta mafenesi. Mimi kila mwaka nilikwenda kwao mvua zikishakatika, skuli zikifungwa, na kila mwaka fito za mwanzi hazikuwepo ukutani zilipokuwa zikiegemezwa. Nikadhani ameacha kuvua, na Mungu anisamehe, nilipumua. Nilijiambia kwamba umri umemfika na mguu umemchosha.

Kisha mwaka mmoja nikakutana njiani na jirani yao, mwanamke mwenye konde ya mpunga karibu na bwawa. Tulisalimiana, akaniambia, "Tangu umekuja hatujala perege siku nne. Utaondoka lini?"

Nilidhani ananitania. "Kwa nini?"

"Baba yako si havui ukiwapo? Akisikia unakuja huleta mishipi na fito zake kwangu nimwekee. Mie nshamuuliza, mwanao hapendi? Akasema, mwanangu ni mwalimu wa mjini, asione matope."

Niliporudi nyumbani nilimkuta baba barazani. Ncha ya mkongojo wake ilikuwa na tope bichi, la kijivu, la ukingoni mwa bwawa; kumbe alikwenda japo kutazama. Nikakaa karibu yake.

"Baba, kesho twende bwawani."

"Kuna nini huko?"

"Tukavue. Kama zamani."

Alicheka kidogo. "Mguu hauniruhusu tena, mwanangu. Na wewe utachafua nguo zako."

Hapo ndipo ilikuwa nafasi yangu. Tulikuwa wawili tu, mama yuko kondeni, hakuna wa kutusikia. Nilikuwa na maneno tayari. Nilikuwa nimeyapanga tangu njiani. Badala yake nilisema, "Basi nikupikie chai?" Akasema ndiyo. Nikaenda nikapika chai. Mara nyingi watu husema hawakupata wakati wa kuomba radhi. Mimi niliupata, nikautia majani ya chai na sukari.

Baba alifariki miaka miwili baadaye, wakati wa kiangazi. Presha ilimpanda adhuhuri, na magharibi hakuwa nasi. Alizikwa kule bondeni. Siku ya khitma walikuja watu wa Kizimkazi, walikuja wakwe zangu kutoka mjini, na kaka alikuja na wakubwa wake wawili wa kazi kutoka Kendwa. Wanaume walikaa nje kwenye majamvi, sisi ndani. Ilipokwisha dua, na wali umeshaliwa, watu wamebaki wachache wanakunywa kahawa, kaka alisimama kuwashukuru. Alikuwa anaongea vizuri. Kazi ya kuongea na wageni imemfundisha.

"Baba yetu alikuwa mtu wa bahari," alisema. "Bahari ilimvunja mguu lakini haikumvunja moyo. Mpaka siku yake ya mwisho alikuwa mvuvi wa bahari, na hiyo bahari ndiyo aliyoturithisha sisi."

Wale wa Kizimkazi walitikisa vichwa. Nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Bwawa lilikuwa mwendo wa dakika tano kutoka pale. Nusu ya waliokaa kwenye majamvi yale wameshakula perege wake.

"Na bwawani?" nilisema.

Wote wakageuka.

"Miaka yote hii alikuwa anavua bwawani," nikasema, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyokusudia. "Kambare na perege. Kwa nini husemi?"

Rafiki yake wa zamani alikohoa. Mama mkwe, nyuma yangu, alisema taratibu, "Mwanangu, ingia ndani." Kaka alitabasamu kwa ajili ya wakubwa wake, akasema msiba umemchanganya dada yetu, akaomba dua nyingine.

Alinifuata nyuma ya jiko wageni walipoondoka. "Umenifedhehesha."

"Wewe umemfuta baba."

"Mie?" Alikuwa na macho mekundu, alikuwa amelia kweli, sikatai. "Mie sikupenda avue mle, nami nilimwambia usoni. Wewe unayejifanya ulimpenda na bwawa lake, samaki zake si ulikuwa unawapa paka?"

Niliinama nikaanza kupanga vikombe kwenye sinia.

"Baba mwenyewe aliniambia," kaka akaendelea. "Nilimkuta siku moja anatengeneza mishipi, nikamwambia baba, hivyo vyote vya nini? Akacheka. Akasema, dada yako ana paka wengi huko mjini, wanawapenda sana hawa, mwenyewe ndiye aliyeniomba. Nikaona basi, kama ni kwa paka wako, mwache azee na mchezo wake."

Hakuwa ananisuta. Alikuwa ananieleza jambo analolijua. Baba alikuwa ameubeba uongo wangu mpaka kwa mwanawe wa kiume, akautengeneza ukawa na sura nzuri, ili asije mtu akaujua ulivyokuwa. Nilikuwa naweza kumwambia kaka palepale. Nilimtazama, nikaona kwamba nikimwambia nitakuwa nimempa silaha ya maisha, na kwamba ile kelele niliyoipiga mbele ya watu sikuipiga kwa ajili ya baba. Niliipiga kwa sababu nilimuona mtu mwengine akifanya nililolifanya mimi, tena kwa ufasaha zaidi.

"Ndiyo," nilimwambia. "Nilikuwa na paka."

Mimi na kaka tunasalimiana. Tunapigiana simu Idi zote mbili. Wakwe zangu hawajapata kunitajia siku ile ya khitma, wala ile ya kambare, ingawa siamini kwamba mama mkwe hakuziunganisha siku hizo mbili. Ni mwanamke mwenye akili.

Wiki chache baada ya msiba nilimuomba mama anipe mishipi ya baba na zile fito.

"Nshampa jirani," alisema. Alikuwa anapepeta mpunga, hakusimamisha ungo.

"Mama, ungeniuliza."

"Nikuulize nini? Wewe utavua wapi, sokoni Darajani?"

Sijui baba alimwambia nini mama kuhusu safari ile ya mjini. Sijamuuliza, naye hajasema. Lakini nikienda kwake mwezi wa sita, bwawa limejaa, na jirani amepita na perege wabichi kwenye ufito akamwachia wawili, mama huwaweka kando kwa ajili yake mwenyewe. Mimi hunipikia nguru, wa kununua, aliyemwagiza kwa mtu aliyekwenda sokoni tangu alfajiri, kwa kuwa mimi ni mgeni wa mjini. Hunitandikia mkeka mpya, huniwekea sahani ya udongo yenye maua. Nakaa nakula, namwambia ahsante mama, naye ananijibu kunradhi, mwanangu, kwa hiki kidogo.